Mashine Yenye Bega

Fundi alikuwa mtu wa maneno machache mpaka umpe bakuli. Kazini angeweza kushinda juu ya jukwaa la mbao akipiga lipu ukuta wa mtu, wenzake wakitaniana na kucheka hadi kushika mbavu, yeye anaitikia kwa kichwa tu. Lakini jioni, akishaoga na kubadili shati, akikaa kwenye kigoda cha jikoni na bakuli kubwa amelibana katikati ya magoti, mdomo ulifunguka. Alikoroga siagi na sukari huku akisimulia: nani kagombana na nani pale kazini, tajiri gani kabadili mawazo baada ya rangi kukauka, ukuta upi utapasuka mapema kwa sababu mchanga wake ulikuwa na udongo. Mkewe alichekecha unga, akavunja mayai, akasikiliza. Siagi ilipokuwa nyeupe na laini kama povu, habari za siku nazo zilikuwa zimekwisha.

Mkewe huyo mtaa mzima ulimwita Mama Keki. Alioka hapohapo nyumbani, katika oveni iliyosimama kando ya dirisha la jikoni, na keki zake zilikwenda kwenye harusi, kwenye sikukuu za kuzaliwa, na kwenye maofisi mtu anapostaafu. Sifa zote alipewa yeye. Watu wachache tu walijua kwamba nusu ya ile keki ilitoka kwenye bega la mumewe.

"Mkono huu," Fundi alipenda kusema, "mchana unakoroga saruji, jioni unakoroga sukari. Siku nikichanganya, mtu atakula ukuta."

Alikuwa ameurudia utani huo tangu binti yao akiwa mchanga, na binti mwenyewe, ambaye ndiye kifungua mimba na ndiye kitinda mimba, sasa alikuwa mtu mzima anayefanya kazi mji mwingine. Mama Keki aliucheka kila mara.

Kiharusi kilimkuta Fundi asubuhi, akifunga kamba za viatu. Aliinama kufunga, mkono wa kulia ukakataa. Akautazama kama mtu anayemtazama kibarua mvivu, akaujaribu tena. Kisha akalala ubavu pale sakafuni, taratibu, bila hata kupiga kelele. Walipomrudisha kutoka hospitali, mguu ulikuwa umeanza kurudi, akaweza kutembea na fimbo, lakini mkono uliningʼinia kama mkono wa koti lililotundikwa msumarini. Na maneno, ambayo tangu zamani yalikuwa machache, sasa yalitoka moja moja, kila moja likisukumwa kama mkokoteni kwenye matope.

Hata hivyo jioni alikuja jikoni. Mkewe alimwekea kiti chenye mgongo mahali pa kile kigoda, naye akakaa kutazama. Sasa bakuli lilikuwa kwenye magoti ya Mama Keki.

Alikoroga. Alikoroga mpaka jasho likamtiririka mgongoni, akabadili mkono, akarudia. Siagi ilibaki ya njano, sukari ikilia chini ya mwiko kama changarawe. Keki zikaanza kutoka nzito, zimekaa chini katikati kama zimepewa habari mbaya. Wateja walikuwa waungwana. Mwalimu wa chekechea aliyekuwa akimpa oda kila watoto wanapofunga shule alimwambia, "Safari hii ilikuwa nzito kidogo, Mama Keki, lakini tamu tu." Lile "tamu tu" lilimchoma kuliko tusi. Watoto walipofunga shule tena, mwalimu hakuja.

Kifundo cha mkono kikavimba. Akakizungushia kitambaa, akaendelea. Jioni moja alikiweka chini kile kitambaa ili akifunge upya, na alipogeuka akamkuta Fundi ameshika mwiko kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amelivuta bakuli kwenye magoti yake na kulibana, lakini goti la kulia halikuwa na nguvu ya kubana kitu. Alikoroga mara chache, meno ameyauma, kisha bakuli likateleza. Likabiringika sakafuni, uji wa keki ukamwagika juu ya miguu yake na kandambili zake, ukatambaa hadi chini ya oveni.

"Samahani," akasema.

Lilikuwa neno la kwanza kulitamka likiwa zima tangu augue.

"Si kitu, mzee. Si kitu kabisa," alisema Mama Keki, akapiga magoti kufuta. Alifuta sakafu, akafuta miguu ya mumewe kidole kimoja kimoja, akiinamisha kichwa ili asionwe macho. Kesho yake Fundi hakuja jikoni. Wala kesho kutwa.

Binti yao alipopiga simu, mama alimweleza nusu, na ile nusu ikatosha.

"Mama, nunua mashine ya kukorogea. Ile ya kusimama mezani, yenye bakuli lake. Unaiwasha, unaendelea na mambo yako."

"Na baba yako je?"

"Baba atafanyaje?"

"Ataona nimeleta mwanamume mwingine jikoni."

Binti alicheka. Kisha akagundua kwamba anacheka peke yake.

Mama Keki alianza kuulizia kimyakimya. Duka la kwanza aliloingia lilikuwa na mashine zimepangwa kwenye rafu kama vikombe vya zawadi, nyekundu, buluu, na rangi ya maziwa. Kijana wa mauzo, aliyenyoa kichwa kikangʼaa, akamjia mbio.

"Karibu mama. Nyekundu ndiyo inayotoka sana."

"Sitafuti rangi, baba. Inakanda unga mzito?"

"Inakanda chochote mama. Hiyo hata mawe."

Mama Keki akaishika moja, akainyanyua kwa mkono wake mbovu. Ikanyanyuka kirahisi kama birika tupu. Akairudisha kwenye rafu, akashukuru, akatoka.

Akaenda kwa rafiki yake aliyekuwa na tanuri la mikate nyuma ya soko, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye nyusi zake zilikuwa na unga siku zote.

"Shoga, ulifanya la maana kuinyanyua," rafiki alisema. "Nyepesi haifai. Ikikutana na unga wa mikate itatembea mezani kama mlevi, mwisho inadondoka. Halafu uliza meno yake ya ndani ni ya chuma au ya plastiki. Ya plastiki yakilika, umebaki na pambo. Na tazama ule mwiko wake kama unafika chini ya bakuli, la sivyo kila siku utakuta sukari imelala." Akajipangusa mikono. "Mwenzako anasemaje?"

"Sijamwambia."

"Mwambie. Asije akaisikia ikinguruma ndiyo ajue."

Mwishowe si yeye aliyesema. Wifi yake ndiye aliyelipasua jambo. Huyu wifi alikuwa dada mkubwa wa Fundi, mjane, mwenye sauti iliyozoea kupigania haki ya kaka yake tangu walipokuwa watoto yatima. Alikuja na matunda, akakaa sebuleni, akaona karatasi ya duka yenye picha za mashine juu ya kabati.

"Kumbe umeshaamua, wifi."

"Naangalia tu."

"Hata mwaka haujaisha. Mkono wa kaka unaweza kurudi. Watu wanapona! Wewe tayari umeshaweka chuma mahali pake."

Mama Keki aliichukua ile karatasi, akaikunja. Fundi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na wote wawili walikuwa wakizungumza kana kwamba hayupo.

"Hau... hautarudi," akasema.

Wakageuka.

"Mkono. Hautarudi." Akavuta pumzi. "Bibie. Uza mbao."

Mbao zile zilikuwa za jukwaa lake la kazi. Zilikuwa zimelazwa ukutani uani pamoja na vyuma vyake, zimechakaa kwa saruji na nyayo zake mwenyewe. Mafundi wenzake walikuja kuzichukua siku ya mapumziko. Walizipakia kwenye mkokoteni wakiongea kwa sauti ya chini kama wako nyumba ya wagonjwa, na kweli walikuwa nyumba ya mgonjwa. Mmoja wao, ambaye Fundi ndiye aliyemfundisha kazi, alimpa mkono wa kwaheri bila kumtazama usoni, akajikuta ameushika ule wa kulia, uliokufa. Akaushikilia muda mrefu kuliko kawaida, hajui auweke wapi. Pauro yake na pimamaji ya kupimia unyoofu wa ukuta Fundi alikataa visiuzwe. Havikuwa na bei, lakini pia hakuvitaka sebuleni. Vilikaa stoo.

Siku ya kununua, Fundi alisema naye anakwenda. Mama Keki alimvalisha shati la kutokea, akamfunga vifungo, na asubuhi hiyo akakanda donge la unga wa mikate, akalitia kwenye chombo chenye mfuniko, akakiweka kwenye kikapu.

"Ya nini?" Fundi aliuliza.

"Kwani wewe ulikuwa unanunua saruji bila kuishika?"

Upande wa kushoto wa uso wake ukacheka.

Duka walilochagua lilikuwa la mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeuza majiko, pasi na feni. Aliposikia wanataka kujaribu mashine kwa unga wao wenyewe, aliwatazama kama watu waliokuja kujaribu sufuria kwa kupika ugali mle dukani.

"Mama, hizi ni mpya. Zikishachafuka nitamuuzia nani?"

"Mimi," alisema Mama Keki. "Mojawapo nitaondoka nayo leo. Lakini lazima niisikie kwanza ikiwa na mzigo. Tupu zote zinaimba vizuri."

Mzee akaguna, akachomeka waya. Ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho, shingo yake imepinda kama ya bata. Wakatia donge, ikazunguka, ikasita, ikaanza kulalama. Mara kichwa kikaanza kuruka juu chini, na harufu ya waya unaoungua ikasambaa dukani.

"Zima! Zima mama, unaniunguzia!"

Ya pili ilikuwa kubwa, ya kijivu, haina urembo, na mzee alihitaji mikono yote miwili kuibeba kutoka rafu ya chini. Ilipowashwa ilinguruma kama lori linalopanda mlima. Donge likashikwa, likabamizwa, likageuzwa, na mashine haikusogea hata unywele. Wateja wengine wawili wakaja kutazama.

Fundi akasogea na fimbo yake. Akaiegemeza fimbo kwenye meza, akaweka kiganja cha kushoto juu ya kichwa cha mashine, kama afanyavyo mtu anayempima mtoto homa. Akakaa hivyo, macho amefumba, mtetemo ukimpanda mkononi hadi shingoni. Mama Keki alitaka kumwambia atoke asije akaanguka, akashindwa. Alikuwa hajamwona akishika kitu kwa namna ile tangu augue.

"Hii," Fundi akasema. "Ina... bega."

Wakainunua.

Kwenye gari la kukodi alikataa sanduku liwekwe nyuma. Alilipakata, mkono mzima umelizunguka, kidevu juu yake. Mama Keki alitazama nje ya dirisha njia nzima. Alijua wanarudi na kitu kizuri, na bado alijihisi kama mtu anayetoka kuzika.

Ile mashine ilifanya kazi kama ilivyochaguliwa kufanya. Siagi ikawa nyeupe tena, mayai yakapanda, keki zikainuka. Oda zikarudi mojamoja, kisha nyingi. Kifundo cha mkono kikapona. Mtu wa nje angesema nyumba imeinuka.

Kero ilikuwa ngurumo, ambayo dukani Fundi aliistahimili kwa sababu ilikuwa ya muda mfupi. Tangu kiharusi, kichwa cha Fundi hakikustahimili kelele. Hata mlango ukibamizwa alifumba macho na kukunja uso. Siku ya kwanza alikaa kwenye kiti chake jikoni, mashine ikawashwa, akavumilia kidogo, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Alitaka kusema jambo. Mama Keki aliona midomo ikifanya kazi, akainama, "Eeh? Unasemaje, mzee?" lakini neno lile lililotoka kwa taabu lilimezwa na mashine kabla halijamfikia. Akazima. "Sema."

Fundi akatikisa kichwa. "Basi."

Akanyanyuka kwa fimbo yake, akaenda sebuleni. Tangu siku hiyo, kila alipotaka kuwasha mashine, Mama Keki alifunga mlango wa jikoni. Alifunga kwa kumhurumia. Alijikumbusha hilo baadaye mara nyingi mno, na halikumsaidia.

Kwa sababu mashine haikuchoka, alianza kuoka asubuhi badala ya jioni, na jioni zikabaki tupu. Alikwenda kukaa karibu na Fundi pale dirishani, harufu ya vanila bado iko nguoni.

"Nisimulie basi, mzee."

"Nini?"

"Chochote. Kama zamani."

Fundi alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu anayepekua mfuko. "Sina," akasema. "Siendi... popote."

Mama Keki naye akajaribu kumsimulia yeye: mteja kasema hivi, mayai yamepanda bei, jirani kahama. Lakini hakuwa na kipaji hicho. Kwa miaka yote kazi yake ilikuwa kusikiliza. Habari zake zilikwisha upesi, wakabaki wanatazama ua, pale ukutani mbao zilipokuwa zimelazwa, ambapo sasa palikuwa na alama tu ya rangi tofauti.

Asubuhi moja alikuwa na oda ya keki ya harusi, yenye ngazi, na juu ya hiyo alikuwa na mikate midogo ya karamu. Alimpa Fundi chai, akamweka kwenye kiti chake, akampangusa mdomo. "Nipo hapo ndani," akamwambia. Akafunga mlango, akawasha mashine.

Ilinguruma muda mrefu. Donge lilikuwa kubwa, na lilipokwisha akatia jingine. Alikuwa amechangamka siku hiyo, kazi ilikuwa inakwenda, hata alijikuta akiimba kwa sauti, kwa kuwa ndani ya kelele ile hakuna anayemsikia mtu akikosea wimbo. Alipozima akasikia kitu kama mkeka unaoburutwa. Akadhani ni kwa jirani. Akakwangua bakuli. Akafunika donge kwa kitambaa kibichi, akanawa mikono, akajifuta, ndipo akafungua mlango.

Fundi alikuwa sakafuni, katikati ya kiti na mlango wa jikoni. Kiti kilikuwa mbali naye kuliko mlango. Alikuwa amejiburuta. Mkono mzima ulikuwa umenyooka mbele, kucha karibu ziguse ubao wa mlango, na mdomo umeenda upande. Macho yalikuwa wazi, yanamtazama.

"Nili... ita," akasema.

Baada ya hapo hakuna alichosema siku hiyo. Jirani alikuja na gari, wakambeba kwa shuka. Hospitalini daktari alimweleza Mama Keki kwa upole kwamba ni kiharusi cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza, na kwamba hata angemfikia palepale alipoanguka, mambo yangekuwa yaleyale.

"Mna hakika?" aliuliza.

"Kwa jinsi ilivyokuwa, mama, ndiyo."

Alimshukuru. Hakumwamini. Na hakumwambia mtu lile neno.

Fundi aliishi wiki chache. Binti alikuja, akashinda kitandani kwa baba yake mchana, wifi mtu akishika zamu baada yake, na Mama Keki akiwa pale wakati wote, haondoki ila kufuata dawa au maji, hata akiambiwa akapumzike. Mara mojamoja ulimi wa Fundi ulilegea akasema maneno mawili matatu, kisha akalala. Alifariki alasiri, binti amemshika mguu, Mama Keki akiwa ametoka tu kumwaga maji ya kunawia.

Siku ya mazishi, nyumba ikiwa imejaa, wanawake wamekaa sakafuni sebuleni, wifi alisimama mlangoni mwa jikoni. Aliitazama mashine pale mezani, imefunikwa kitambaa. Alisema bila kupaza sauti, lakini chumba kizima kilisikia.

"Hii ndiyo iliyokuwa inanguruma ndugu yangu akifa."

Mtu mmoja alikohoa. Binti alitaka kuinuka, mama akamshika nguo. "Mwache," akasema. "Mwache tu."

Watu wakatawanyika, binti akarudi kazini kwake, akamsihi mama aende naye, mama akakataa. Mashine ilikaa chini ya kitambaa. Oda zilikuja, akazirudisha. Aliwaambia watu oveni imeharibika. Vumbi likakaa juu ya kitambaa, yeye akala mkate wa dukani na chai ya rangi, na mchana akajikuta amekaa kwenye kile kiti cha dirishani hajui amekaa tangu saa ngapi.

Aliyemwondoa pale alikuwa mwalimu wa chekechea. Alibisha hodi, akasema watoto wanafunga shule, na kwamba mwaka huu kuna mmoja ambaye hajawahi kupata keki maishani mwake, ameulizia kama ya safari hii itakuwa kubwa. Hakutaja keki nzito ya siku zile. Hakutaja oveni pia, ingawa aliiona pale, nzima, mlango wake unangʼaa. Mama Keki alinuia kusema hapana. Akasikia mdomo wake ukisema, "Njoo Ijumaa."

Siku ya kuoka, wifi yake akaja. Alikuwa hajakanyaga pale tangu mazishi. Alisimama uani na kikapu, haingii, haondoki. Mama Keki alikuwa ametoa kitambaa kwenye mashine na ameipangusa, ila alikuwa hajathubutu kubonyeza.

"Karibu, wifi."

"Nimekaribia."

Akaingia, akakaa kwenye kiti chenye mgongo, mikono mapajani. Mama Keki alimgeuzia mgongo, akapima sukari. Sukari ikamwagika mezani. Akakiacha kikombe.

"Wifi," akasema, bado kageuka. "Ulichosema siku ile ni kweli. Aliita. Nilipofungua mlango aliniambia mwenyewe, 'Niliita.' Mlango nilikuwa nimefunga, na mashine inanguruma, na mimi naimba. Nilikuwa naimba, wifi. Sijamwambia mtu, hata mwanangu."

Alipogeuka, alimkuta wifi yake analia bila sauti, mdomo wazi, kama mtu aliyepaliwa.

"Najua," wifi akasema. "Aliniambia. Kule hospitali, ulipokwenda kuchukua dawa. Alisema, 'Niliita. Hakusikia.' Maneno hayo yalimchukua muda, nikadhani amemaliza. Akanishika hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono wake. "Akasema, 'Usi... mlaumu.' Nikamwahidi. Nikaja kukulaumu siku ileile tunayomzika, mbele ya watu."

Mama Keki alivuta kigoda, akakaa. Alitaka lile jambo limfariji. Liliingia ndani yake, na kwa muda lilimuuma zaidi ya lawama, maana alipata picha ya Fundi amelala pale kitandani, anayakusanya maneno machache aliyobakiwa nayo, na anayatumia kwa ajili yake.

"Angeniambia mimi," akasema mwishowe.

"Labda alijaribu."

"Labda."

Wala hawakukumbatiana. Hawakuwa watu wa hivyo, na lililokuwa kati yao halikuwa limekwisha. Wifi alijifuta uso kwa upindo wa nguo, akatazama mezani, akavuta chekeche na mfuko wa unga.

"Hizi keki za watoto zinataka unga kiasi gani?"

Mama Keki akamwonyesha. Akaenda mlangoni, akaufungua hadi ukagusa ukuta, akauwekea tofali. Kisha akarudi mezani, akatia siagi na sukari, akabonyeza. Mashine ikanguruma, nyumba yote ikajaa sauti yake. Akahesabu pumzi zake. Kabla siagi haijageuka rangi akazima, akasikiliza sebule. Akawasha tena. Akazima tena.

Wifi aliinua macho kutoka kwenye chekeche. Aliona, akafahamu, akainamia unga wake.

Keki ile ilichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mwalimu alipokuja kuichukua ilikuwa bado ina joto, ikabidi aibebe juu ya trei, kitambaa mkononi, akitembea polepole kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Wifi alibaki kuosha vyombo. Aliosha bakuli la mashine, akalikausha, akazunguka nalo jikoni akitafuta mahali pa kuliweka, mpaka Mama Keki alipolipokea kutoka mikononi mwake.